Waridi Nyuma ya Ukuta wa Hallam Stoke

"Usiliguse," alisema Clement Yapp. "Tafadhali, afande. Litazame tu kwanza."

Inspekta Gwenda Priddy akarudisha mkono wake mfukoni. Walikuwa wamesimama watatu, yeye, msaidizi wake Sajini Rudge, na mzee huyo mrefu mwenye mabega yaliyopinda, mbele ya nyumba ndogo ya mawe iliyojificha nyuma ya bustani ya mboga. Upande wa pili wa ukuta umati wa Jumapili ulikuwa unavuma kama mzinga. Hallam Stoke ilifungua malango yake kwa watu wote Jumapili mbili tu kila kiangazi, na nusu ya kaunti ilikuwa imekuja na kofia zake za majani kuangalia maua ya wenye nazo na kunong'onezana kwamba hata ya kwao nyumbani si haba.

Huku nyuma lakini hapakuwa na mtu. Mlango mdogo wa ukutani ulikuwa na kibao: FARAGHA.

Waridi lilikuwa limetambaa mpaka kwenye kingo ya dirisha. Maua yake yalikuwa meupe kama maziwa, na kila ua lilikuwa na kitone cha kijani katikati.

"Sasa nusa," alisema Yapp.

Priddy akainama. Haikuwa harufu ya waridi. Ilikuwa karafuu, kali na kavu, kana kwamba mtu amefungua mkebe wa viungo.

"Mke wangu ndiye aliyeliotesha kwa mbegu," Yapp alisema. "Yeye na mtoto wetu Nell, kwenye kikopo cha mtindi juu ya jokofu. Na waridi la mbegu, afande, ni kama mtoto. Hafanani sawasawa na yeyote. Ukilitaka lilelile, huna budi kukata kijiti kwenye mti wenyewe ukakipande. Mti wenyewe ulikuwa mmoja tu duniani, mlangoni kwangu."

"Uko wapi sasa?"

"Waulize wenzako. Waliung'oa walipokuwa wanamtafuta Dilys chini yake."

Rudge akakohoa, akageuka kuangalia nyanya za watu.

Jalada la Dilys Yapp Priddy alikuwa amelisoma mara mbili. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, aliyefiwa na mtoto wake wa pekee, alitoka nyumbani asubuhi moja ya mwezi wa sita, miaka kumi na moja iliyopita, asionekane tena. Mumewe alikaa siku nzima bila kuripoti. Hilo likatosha. Polisi wa wakati ule walichimba bustani yake kitanda kwa kitanda huku kamera za televisheni zikitazama juu ya ua. Walimweka ndani, wakamhoji, wakamwachia bila mashtaka. Hawakupata kitu, na hawakumsafisha jina. Kijiji hakikusubiri mahakama. Kila kiangazi Yapp alipanda basi la matembezi ya bustani kwa sababu Dilys alikuwa anayapenda, na kila kiangazi kiti cha pembeni yake kilikwenda kitupu na kurudi kitupu.

Jumapili iliyopita, akitafuta choo, alikosea mlango.

Njiani kuja alikuwa amezungumza mara moja tu. Alisema hivi, akitazama nje ya kioo cha gari: "Nell aliposhikwa na homa, mimi ndiye niliyesema tusubiri asubuhi. Dilys alitaka twende hospitali usiku uleule. Nikasema tusubiri asubuhi. Sijawahi kumwambia mtu neno hili."

"Bwana Yapp," alisema Priddy, "nenda kapumzike kwenye benchi kule mbele. Tutakufuata."

"Kanyweni chai," alisema yule mzee. "Zamani palikuwa na keki ya mbegu za kisibiti hapa. Niliila mwaka mmoja, nikasema moyoni, haki ya Mungu, Dilys yuko jikoni." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatalia. Akaenda zake.

Rudge alingoja mlango ufungwe. "Niseme, afande?"

"Sema."

"Huyu mtu anakuja bustani hizi miaka nenda miaka rudi. Nani kasema hakulipanda mwenyewe? Kuna wauaji wanaotamani kukamatwa, ila wanaona haya kubisha hodi."

"Na chini yake kuna nini?"

"Hilo ndilo ningependa kujua."

"Mwenzetu wa kwanza naye alipenda kujua," alisema Priddy. "Ndiyo maana mti haupo."

Alipiga magoti akasogeza majani ya chini. Shina lilikuwa nene kama kifundo cha mkono, gome limechanika, na makovu ya mkasi yamekaa juu ya makovu ya mkasi. Baba yake Priddy alilea mawaridi kwa bidii kuliko alivyolea watoto, kwa hiyo hilo alilijua. Mti huu ulikuwa hapa miaka kumi au zaidi, na kila mwaka mkono mmoja uliojua kazi ulikuwa umeupogoa.

Kivuli kikaanguka juu ya udongo.

"Hapa haparuhusiwi wageni," sauti ilisema. "Kibao kile si pambo."

Alikuwa mwenye nyumba, Bi Verena Haddow, mjane wa kanali, mwembamba, mweupe kichwani, amevaa viatu vya bustani na mkufu wa lulu. Priddy alionyesha kitambulisho chake. Bi Haddow alikisoma polepole kuliko kilivyostahili.

"Waridi hili ulilipata wapi, mama?"

"Hili? Pale mezani tunapouzia miche. Miaka mitatu, minne. Mtu alilileta kwenye kopo."

"Nani?"

"Mpelelezi mwema, watu huleta miche na kuondoka. Hatuwaulizi wazazi wao."

"Na nyumba hii, anakaa nani?"

"Hakai mtu."

Priddy aliangalia dirisha. Pazia lilikuwa safi, limepigwa pasi. Kwenye kingo ya ndani palikuwa na gilasi ya maji na maua mawili meupe yaliyokatwa leo. Alimshukuru bibi yule akaondoka na sajini wake.

"Kadanganya," alisema Rudge walipofika kwenye nyasi.

"Kadanganya. Ila hakudanganya kama mtu anayeogopa. Kadanganya kama mtu anayelinda kitu. Twende tukanywe chai."

Hema la chai lilikuwa limejaa nyigu na wastaafu. Karibu na mlango wanawake wawili wa kijijini kwa Yapp, waliokuja na basi, walikuwa wanamtazama kwenye benchi lake.

"Umeona anavyotazama vitanda vya maua?" alisema mmoja. "Anapima urefu."

"Akikuazima sepetu, shoga, usirudi nyumbani peke yako," alisema wa pili, wakaangua kicheko juu ya vikombe vyao.

Priddy aliwapita bila kuwatazama. Nyuma ya meza alisimama mwanamke mnene, Bi Pugh, akimimina chai kutoka kwenye birika linaloshikwa kwa mikono miwili.

"Keki gani, mpenzi? Kuna ya limau, kuna ya karoti, na kuna hii ambayo mke wa kasisi kaoka, ila hiyo nakuonya kwa upendo."

"Nimeambiwa mna ya kisibiti."

Birika likashuka. "Kisibiti! Nani kakwambia? Hiyo ilikuwa ya Anna, maskini. Anna Bevan. Tangu afe hatuna anayeiweza."

"Alikufa lini?"

"Baridi ya mwaka juzi. Mapafu. Alikuwa anakaa nyumba ndogo huko nyuma, ndiye aliyekuwa anamtunzia Bi Verena mawaridi. Marafiki wa kufa na kuzikana, wale wawili, na kweli mmoja akamzika mwenzake."

"Mtu wa hapa?"

"Wa hapa wapi! Alikuja na basi la matembezi kama hawa. Basi likaondoka, yeye kabaki. Tulikuwa tunamtania: Anna, dereva wako bado anahesabu abiria." Bi Pugh alicheka, halafu akapangusa macho kwa kona ya aproni. "Ila alikuwa na jambo lake. Jumamosi nzima anaoka, Jumapili ya wageni anajifungia ndani, hata pua huioni. Tulisema ni haya."

Rudge alikiweka kikombe chake mezani bila kukinywa.

"Bi Pugh," alisema Priddy, "alikuja mwaka gani, huyo Anna?"

"Mwaka ambao Pugh alivunja nyonga. Ngoja… miaka kumi na moja sasa."

Walimkuta Bi Haddow jikoni kwake, amevua viatu, miguu yake iliyovimba ameipandisha juu ya kiti. Mbele yake palikuwa na bakuli la maharage mabichi ambayo alikuwa anayamenya bila kuyatazama. Hakuwaambia wakae. Priddy alikaa.

"Anna Bevan alikuwa nani?"

Vidole vikasita, vikaendelea. "Rafiki yangu."

"Kabla ya hapo?"

"Sikumwuliza."

"Yule bwana kwenye benchi anaitwa Yapp. Mke wake alipotea mwaka ambao rafiki yako alishuka kwenye basi. Nadhani unajua habari zake."

"Nasoma magazeti kama mtu yeyote. Nilimhurumia."

"Ulimhurumia nani?"

"Huyo mwanamke!" Bi Haddow aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Mtoto anaungua homa mikononi mwako, na mtu anakuambia tusubiri asubuhi. Asubuhi! Na asubuhi—" Akakoma.

Nje mtoto alikuwa analilia barafu.

"Magazeti yalisema mtoto alikufa kwa homa," alisema Priddy taratibu. "Ila maneno hayo, tusubiri asubuhi, hayamo kwenye gazeti lolote. Hayamo hata kwenye jalada letu. Watu waliokuwa kwenye chumba kile walikuwa watatu, na mmoja alikuwa na miaka sita. Bwana Yapp ameyatamka leo kwa mara ya kwanza. Wewe uliyasikia kwa nani, mama?"

Bi Haddow alisukuma bakuli pembeni. Alionekana kuzeeka pale pale, kama nguo iliyotunguliwa kwenye msumari.

"Nilimkuta kwenye nyumba ya vioo ya kuoteshea miche," alisema, "watu wote wameshaondoka. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilidhani ni mgonjwa. Mfukoni mwake alikuwa na vijiti vitatu vya waridi, amevifunga na soksi ya mtoto iliyolowa maji. Akaniuliza kama nina mahali pa kuvichomeka visikauke. Hilo tu. Hakuomba kitu kingine. Viwili vilikufa."

"Naye akabaki."

"Nilikuwa na vyumba kumi na nane na hakuna wa kumwambia habari za asubuhi. Ndiyo, akabaki."

"Alimkimbia mume wake? Alimpiga?"

"Hakumgusa hata ukucha. Laiti angemchukia, ingekuwa rahisi. Alimpenda. Ila kila alipomtazama alisikia yale maneno, naye yule bwana kila alipotazamwa alijua anayasikia. Aliniambia, Verena, tulikuwa tunaamkiana kama watu wanaopigana mawe."

Rudge, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kwa ukali kidogo: "Na alijua? Alijua tulichimba bustani? Alijua mumewe yuko ndani kwa kumwua yeye?"

"Tuliona kwenye televisheni, hapa, meza hii hii. Watu wenu wanachimba vitanda vyake. Alitambua kila ua lililotupwa kwenye toroli. Nilimwambia, Dilys, piga simu. Ndiyo, nilimwita Dilys siku ile. Akasema…" Bi Haddow akaweka kiganja juu ya meza. "Alisema, wakimshtaki nitarudi siku hiyo hiyo. Nitaingia mahakamani kwa miguu yangu, nitasimama mbele yake. Lakini wakimwachia, basi na mimi niachieni. Tulikesha na redio. Kisha wakamwachia. Alilia, sikujua analia kwa furaha au kwa nini. Hakulitaja tena."

"Akaja hapa mwenyewe," alisema Priddy. "Yapp. Mwaka mmoja alikula keki."

"Alimwona kwa pazia la dirisha la juu, lile linalochungulia juu ya ukuta. Nikamwuliza, nikamwite? Alishika kingo ya dirisha mpaka vidole vikawa vyeupe. Akasema, mpelekee keki. Mkatie ya pembeni, anapenda iliyokauka. Nilimpelekea mwenyewe. Alinishukuru vizuri sana."

Priddy akainama kuelekea kwake. "Na alipokufa? Uliyemwahidi hayupo. Mtu yule anaitwa muuaji kila anapokwenda kununua mkate. Neno lako moja lingetosha."

"Mngemhamisha." Bi Haddow alisema hivyo kama mtoto. "Amelala pale kanisani, ng'ambo ya ukuta wangu. Namwona nikiwa kitandani. Mngekuja na karatasi zenu, mngempa yule bwana, ningebaki na nini?"

Priddy akasimama.

"Ulimpa msajili wa vifo jina la uongo, na uliacha uchunguzi wa mauaji uendelee huku unajua hakuna aliyeuawa. Kesho utakuja kituoni kuandikisha maelezo. Njoo na wakili."

"Nitakuja," alisema Bi Haddow. Akavuta bakuli, akaanza tena kumenya maharage.

Benchi la Yapp lilikuwa limekwishahamiwa na kivuli. Alipowaona wanakuja pamoja, bila haraka, alisimama akavua kofia. Watu husimama hivyo mbele ya daktari.

"Amekufa," alisema.

"Ndiyo, Bwana Yapp. Pole sana. Si wakati ule. Mwaka juzi, kwa maradhi."

Alizungusha kofia mkononi. "Mwaka juzi," alisema. "Mwaka juzi nilinunua godoro jipya. Upande wake la zamani lilikuwa limebonyea, nikasema akirudi asije akaumia mgongo."

Walimpeleka kwa njia ya pembeni hadi uwanja wa kanisa. Kaburi lilikuwa karibu na ukuta, nyasi zimekatwa kwa mkasi. ANNA BEVAN, na mwaka, basi. Yapp aliinama akasoma kana kwamba kulikuwa na mengi ya kusoma.

"Bevan ni kwa mama yake," alisema. "Anna ni jina la pili la Nell."

Priddy alimweleza yote, kwa mpangilio, bila kupamba: basi, nyumba ya vioo, soksi, miaka ile. Alimweleza kuhusu keki. Hapo mzee akashika jiwe la kaburi kwa mkono mmoja na kubaki amelishika.

"Alikuwa dirishani," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikaa pale saa nzima. Niliangalia dirisha lile juu ya ukuta. Niliona pazia, nikasema, watu hawa wana pazia zuri."

Rudge alitembea hatua chache, akasimama akiwapa mgongo. Kutoka kwenye uwanja wa magari dereva wa basi alipiga honi ya kwanza, ya kuwakumbusha wanaochelewa.

"Bwana Yapp," alisema Priddy, "kesho nitatoa taarifa. Itasema wazi kwamba hukuhusika. Nitaipeleka mwenyewe kijijini kwako, niibandike kanisani kama itabidi. Jina lako utarudishiwa."

Yapp alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa chakula naye ameshashiba.

"Nina swali moja, afande. Usinifiche. Alijua walinikamata?"

Priddy alikuwa ametumaini swali hilo lisije leo. Alimtazama yule mzee usoni, akaona kwamba kumwongopea kungekuwa kumchimbia bustani mara ya pili.

"Alijua. Aliona kwenye televisheni. Alimwambia Bi Haddow hivi: wakimshtaki nitarudi siku hiyo hiyo, nitasimama mbele yake mahakamani. Wakimwachia, niachieni na mimi."

"Wakimshtaki nitarudi. Alisema hivyo?"

"Kwa maneno hayo."

Yapp akakaa chini kwenye nyasi. Hakuanguka, alikaa taratibu, goti moja, halafu la pili, akaweka kofia pembeni.

"Yule inspekta wa zamani," alisema, "hakuwa mtu mbaya. Siku ya mwisho alinipa sigara, akaniambia, Clement, sema ndiyo tu, ukalale. Nilikuwa sijalala, afande. Nilikuwa sijui hata kama nimekula. Nikafungua mdomo nimwambie ndiyo, nimemwua, mniache nilale. Neno lilikuwa hapa." Aligusa midomo yake. "Kisha nikawaza, nikifungwa, Dilys akirudi nani atamfungulia mlango? Nikasema hapana. Niling'ang'ana na hapana mpaka wakachoka."

Honi ikalia tena, ndefu zaidi. Priddy alichutama karibu naye, mikono yake ikiwa haina kazi.

"Ningesema ndiyo," alisema Clement Yapp, "angekuja."